Neno la Kumtoa Bibi Gannan

Alfajiri ile Mwenyekiti Pyo alifungua kipaza sauti cha kijiji kama kawaida yake, akapiga kelele, “Jamani, tumevamiwa!” Alikuwa anazungumzia nguruwe mwitu walioingia kwenye mashamba ya figili. Lakini hapa Cheorwon, mpakani mwa Korea mbili, vilima vya Kaskazini unaviona ukiwa jikoni, na Bibi Gannan hakungoja kusikia habari za nguruwe. Alifunga kifurushi, akakimbilia handakini, na mpaka saa nne hajatoka, hali wala hanywi. Pyo ameketi kwenye benchi la dukani, kikombe cha karatasi mkononi, kahawa imempoa. Roho inamuuma.

Mzee waliyemwita Kanali, ingawa jeshini alikuwa mpishi, ndiye aliyeanza.

— Mwenyekiti, umekosea kipimo. Uvamizi ni vifaru na mizinga. Nguruwe saba ni doria tu.

— Hebu toka hapa! alisema Mama Duka. Wakwe zangu wakija sikukuu nasema wamenivamia. Nzi wanavamia. Watalii wa Seoul wananivamia choo kila Jumapili. Neno la kila mtu hilo!

— Wakwe zako hawavamii, alisema Kanali. Wanakalia nchi kwa mabavu.

Pyo hakucheka.

— Nitangaze nini sasa? Adui amerudi nyuma?

— Ukimtaja adui umekubali yupo, alisema Kanali. Tangaza tumeshinda.

— Tumshinde nguruwe? alisema Mama Duka. Tangaza wametia saini mkataba wa amani, yaishe.

— Hata ule wa watu, wa Kaskazini na Kusini, haujatiwa saini mpaka leo, alisema Pyo.



— Basi piga king'ora cha kutangaza hatari imekwisha.

— Kanali, nyamaza! alisema Pyo. Akisikia king'ora moyo utamsimama. Yule bibi ndiye aliyemuuguza mama yangu mpaka mwisho. Nikimuua kwa mdomo wangu nitaishije?

Nesi mpya wa zahanati, Seo, alikuja akitokea handakini, chupa ya chai ya shayiri mkononi, imejaa vilevile.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mama Duka. Anakuja?

— Hataki. Anasema hatoki mpaka mtoto aletwe. Mimi niliambiwa anaishi peke yake. Mtoto gani huyo?

Kanali alimtazama Mama Duka. Mama Duka alimtazama Pyo. Miaka arobaini ya ujirani, kila vuli wakitia kabichi chumvi pamoja uani kwa Bibi Gannan.

— Sijui, alisema Pyo. Hatujawahi kumuuliza vita ile ilimchukulia nani.

Aliichukua ile chupa mikononi mwa nesi, akashuka handakini.