Kamba ya Kwenda Chooni

Bibi wa kiti cha nyuma basini alifumba macho kama aliyelala, lakini masikio aliyaacha kazini. Mbele yake mwanamume mmoja alikuwa akimlalamikia mhudumu wa afya anayemtembelea mama yake nyumbani.

"Dada, umefunga kamba kutoka kitandani hadi chooni! Mama yangu ni mbuzi?"

"Mbuzi hufungwa, kaka. Mama anaishika mwenyewe. Siku ile alianguka alfajiri, nikamkuta saa sita yuko sakafuni, hata sauti ya kuita hana."

"Ndiyo maana Jumamosi namhamishia kwangu."

"Kwako ghorofa ya nne, na mchana kutwa mko kazini. Atashika nini?"

"Majirani wanasema nimemwachia mama kamba badala ya mtoto."

Nusura Bibi afumbue macho. Hilo lilikuwa zito.

"Mwenyewe kaniambia anataka kufia nyumbani kwake," alisema mhudumu, "ila si wiki hii."

Basi likafunga breki. Mwanamume aliyekwisha kuinuka akapepesuka, akadaka bomba la juu kwa mikono miwili. Mhudumu akaitazama ile mikono.

Bibi akasimama kwa taabu nyuma ya mwanamume. "Sogeza mkono, mwanangu," akasema, "nami nishike kamba."

Mlango ukafunguliwa.