Wakwe Mlangoni mwa Ukumbi wa Dansi

Sabato njema kwenu nyote mliobaki baada ya chakula, hata kwako wewe uliyeanza kukohoa uliponiona nasimama. Maneno yangu nimeyaandika kwenye karatasi kwa sababu mbele za watu ulimi wangu hukauka. Nayasoma kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wetu wasiojua Kigusii. Sitamtaja mtu kwa jina. Kila mtu atajijua mwenyewe, na wengine wenu mtajijua upesi.

Baba yangu ni mpiga gitaa. Naona shingo zinageuka. Ndiyo, gitaa la dansi, si la kwaya. Alikuwa kwenye bendi ya ukumbi mmoja pale Kisii mjini, na sisi tulikaa katika chumba nyuma ya ukumbi huo huo, mali ya tajiri huyo huyo. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa. Nilifanya hesabu zangu ukuta ukitetemeka, na bado niliwashinda watoto ambao kwao kimya ni kama cha makaburini. Msininunie. Mlisema tutoe ushuhuda wa kweli.

Tajiri mwenyewe alikuwa mnene wa tumbo na mwembamba wa roho. Kila Jumamosi bendi ikishaingia jukwaani, alifunga mlango wa nyuma kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Mlango wa mbele aliweka bawabu mwenye rungu. Wateja waliruhusiwa kupita, wapigaji hapana, hata mtu akibanwa na haja. Alisema wanamuziki ni kama kuku, ukiwaachia wazi utawatafuta kwa majirani. Kesho yake mchana aliwatuma hao hao kufagia ukumbi na kuosha chupa, naye amekaa kwenye kiti anachokonoa meno.

Kulikuwa na kijana mpiga ngoma, mtoto wa Manga hapa hapa. Siku moja malaria ilimshika akiwa jukwaani, akamwomba tajiri, "Bosi, nifungulie nitoke, nakufa."

"Kufa ukimaliza wimbo," tajiri akamjibu.

Ndugu zangu, aliumaliza, kisha akaangukia ngoma zake. Na wale wacheza dansi wakapiga makofi, wakidhani ni mtindo mpya. Mmoja akasema, "Rudia!" Watu wenye akili za namna hiyo ndio hujiita wa mjini. Kulipokucha tukamkuta amelala juu ya magunia, tukampeleka hospitali.

Siku hiyo hiyo bendi yote iliweka vyombo chini. Msichana wa kukata tikiti akajiunga nao, na waosha chupa pia. Walidai mambo mawili tu: kufuli iondolewe, na mgonjwa aruhusiwe kutoka. Tajiri akacheka mpaka akakohoa. Jioni bawabu wake alitoa vitu vyetu nje, sufuria ikiwa bado na ugali.

"Mgomo wenu kagomeeni kwenu," akasema.

Tulimsahau kuku wetu mmoja. Baadaye tulisikia ameingia ukumbini na kutaga ndani ya ngoma kubwa iliyopasuka. Mama alisema huyo ndiye mfanyakazi pekee aliyebaki kazini, na ndiye pekee mwenye akili sawa na ya bosi.

Tukaja Manga kwa mama mkubwa, mke wa kaka yake baba. Kutoka kilimani hapa mpaka shuleni mjini si mwendo wa kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo shule ikaisha. Wasichana wa hapa walinipokea vizuri sana. "Binti wa dansi karudi! Hebu tuchezee kidogo tuone." Baadhi yenu mmevaa vitambaa vyeupe leo, mnapendeza. Mimi nikaacha kusema. Asubuhi nilichota maji, mchana nilijificha nyuma ya ghala, jioni nililala. Mkaniita bubu, na kweli nilikuwa bubu. Sikuomba wala sikulia. Niliona kwamba hakuna mtu hapa anayestahili kuambiwa kitu.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kutufariji. Alikunywa chai, akafuta masharubu, akasema, "Shukuruni. Mungu mwenyewe ameufunga mlango wa dhambi."

Mama akamuuliza kwa upole, "Na huyo mwenye ufunguo, mzee, Mungu atamfanya nini?"

Mzee akauliza kama kuna chai nyingine.

Baba alipewa kikapu akachume majani chai. Vidole vilivyozoea nyuzi vilichuma kwa mapigo, mbili upesi na moja polepole, na kikapu hakijai. Mama mkubwa alimwambia, "Shemeji, chai haichezi. Chuma tu." Tulicheka, naye akacheka, lakini usiku ule nilimsikia akimwambia mama kwamba wenzake wawili wanataka kurudi kwa tajiri. Tajiri alikuwa ameleta vijana kutoka mbali waliojua nyimbo tatu, na ukumbi ulikuwa bado unajaa, maana miguu ya walevi haina masikio. Wagomaji walisimama ng'ambo ya barabara wakipiga kelele, na watu wakawapita kama nguzo za simu.

"Jumamosi hii ikipita hivi, na mimi narudi," baba alisema. "Afadhali nifungiwe mimi kuliko kumwona huyu mtoto amenyamaza hivi."

Yaani angeingia chini ya kufuli ile kwa ajili yangu. Sijawahi kusikia neno lililonichoma kama hilo.

Kesho yake akina mama wa kikundi cha kulima pamoja walikuja zamu ya shamba la mama mkubwa. Walipopumzika wakaanza kuzungumza habari za mgomo, kwa sababu mama ya yule mpiga ngoma alikuwa mmoja wao, na mtoto wake alikuwa bado kitandani. Mmoja akasema twende tukauchome ule ukumbi. Mwingine akasema tufunge na kuomba. Mwingine akasema tuuchome kwanza, kufunga baadaye.

Nikiwa nyuma ya ghala nilisikia sauti ikisema, "Mama mkwe wa mtu akikaa mlangoni, nani atapita?"

Ilikuwa sauti yangu.

"Nani amesema?"

"Ni yule bubu!"

Walicheka kwanza. Kisha kicheko kikaanza kupungua, mmoja mmoja, kama mvua inavyoacha bati.

Wageni wetu, hapa niwaeleze. Sisi tuna kitu tunakiita chinsoni, yaani haya ya heshima. Mtu hawezi kucheza wala kulewa mbele ya wakwe zake. Hawezi hata kumpita mama mkwe kwa karibu. Akimwona njiani, anainamisha macho na kuacha njia. Mtu aliye tayari kumtukana chifu hawezi kumtazama mama mkwe usoni.

Jumamosi hiyo, Sabato ilipokuwa inaisha, akina mama wa Manga walikuwa wameshashuka mjini na vigoda vyao. Waliketi kwenye ngazi za ukumbi, wakaweka nyungo mapajani, wakaanza kuchambua maharagwe. Hawakuimba wala kubeba bango. Bawabu aliwaangalia, akaona mama ya mke wake, akaweka rungu chini, akaenda kusimama barabarani na wagomaji.

Mimi nilikuwa nimeketi kati yao nikishika taa, ndiyo maana niliona yote. Alikuja bwana mmoja wa suruali ya bugaluu pana kama sketi, viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali, kofia imeshuka mpaka puani. Alipanda ngazi ya kwanza.

"Mkwe wangu," sauti ikasema kutoka gizani, "kumbe siku hizi ibada imehamia huku?"

Raizoni hazikuumbwa kwa kukimbia. Alianguka, akaamka, kofia ikabaki. Mwenye kofia hiyo alikunywa chai kwetu akatuambia habari za mlango wa dhambi. Simtaji. Naona kuna mtu anatafuta kitu chini ya benchi, tumsubiri akipate.

Wengine walijificha nyuma ya kioski cha sigara, mpaka kioski kikawa na watu wengi kuliko ukumbi. Ndani, wale vijana wa nyimbo tatu walizipiga zote kwa viti vitupu.

Ndipo gari la tajiri likafika. Akashuka na hasira, akanyanyua mkono kuwafukuza wale wanawake. Mkono ukabaki juu. Kwenye ngazi ya juu kabisa, mbele ya mlango wake, alikuwa ameketi mama aliyetoka Nyacheki kwa mwito wa akina mama wa kikundi, mama mzazi wa mke wake. Tajiri akainamisha kichwa kama mtoto wa chekechea. Hakuweza kupita, hakuweza kumwambia aondoke, hakuweza hata kuuliza amefikaje. Alimtuma dereva.

"Magokoro," dereva akaita kwa heshima, kama mtu anavyomwita bibi yake, "bosi anauliza kama kuna shida nyumbani."

"Mwambie mkwe wangu hakuna shida," yule mama akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Alipokuja kuposa alituambia jengo lake hili la mjini ni ghala la nafaka. Nimekuja na maharagwe yangu, nione ghala."

Ndugu zangu, nawaambia, mtu yule alirudi kwenye gari kinyumenyume.

Jumamosi iliyofuata tulirudi tena, na yule mama akaongeza mbaazi. Kabla ya giza alikuja mke wa tajiri, amebeba ile kufuli mkononi. Akaiweka kwenye ungo wa mama yake, akasema mume wake amekubali yote, na anaomba tu mama aende nyumbani akapumzike. Aliomba hivyo mara nyingi.

Leo mpiga ngoma amepona na anapiga. Baba anatoka anapotaka kutoka. Tumepanga chumba kwa mtu mwingine, na mimi nimerudi shuleni. Bado naona haya, ndiyo maana macho yangu hayatoki kwenye karatasi.

Nawashukuru akina mama wa kikundi, ambao wengi wao hawajawahi kusikiliza gitaa bila kusonya. Namshukuru mama wa Nyacheki, aliyekubali kuaibika yeye mwenyewe, maana chinsoni huwabana wote wawili, kabla ya kumwaibisha mkwe wake. Namshukuru mama mkubwa, aliyetuwekea viazi mlangoni kila jioni akisema, "Hivi ni vya watoto, si vya gitaa," na gitaa likala pia.

Wengine wenu sina cha kuwashukuru. Mlituombea kwa mbali, mkashika pua. Basi somo langu ni hili, na mlichukue hata kama mleta somo ni binti wa dansi. Mkisikia mtu anagonga kutoka ndani, msianze kumuuliza ni wimbo gani alikuwa anapiga. Muulizeni ufunguo uko kwa nani, kisha mtafute kigoda mkakae mlangoni.