Ugaga wa Lusajo, Aliyefia Zhanxi

Ndugu waombolezaji, majirani wa ghorofa hii na wafanyabiashara wenzetu mlioacha mizigo kwenye soko la viatu la Zhanxi mkaja kula pilau nasi, mimi Judica, mke wa Lusajo na msemaji wa familia, nawaomba mtulie, na wewe shemeji Rotich uache kucheka kabla sijaanza, maana huu ni msiba, ingawa mimi nimeusubiri kwa hamu!

Marehemu Ugaga alizaliwa Tukuyu mwaka 2014, nyuma ya meno ya mbele ya chini ya mume wangu, akiwa bado utando laini uitwao ukoga, ambao mswaki ungeumaliza siku hiyo hiyo, lakini Lusajo alikuwa akisugua mbele tu, panapoonekana na watu, basi mtoto akakaa, akakomaa, akawa jiwe.

Masomo aliyaendeleza hapa Guangzhou, China, tulipohamia mwaka 2018 kununua viatu, na walimu wake walikuwa chumvi, mkaa na ndimu, akawashinda wote, hadi Agripina, mdogo wangu anayesomea udaktari wa meno hapa, alipotuambia kwamba ugaga ukishaganda hautoki kwa mswaki, hutolewa na mtaalamu kwa vifaa vyake, na kwamba ndimu tuliyoisifia ilikuwa ikila jino lenyewe.

Kikazi, marehemu alikuwa mchapakazi, alivimbisha fizi, akazitoa damu kila asubuhi, akaleta harufu iliyowafanya malaoban, wale wenye maduka ya viatu, wakubali bei yetu haraka ili mazungumzo yaishe, lakini kazi iliyoniuma ni kukinyamazisha kicheko cha Lusajo, kile kicheko kilichonifanya nikubali kuolewa, kwani alianza kuongea na kiganja mdomoni, na meno mawili ya mbele, moja kushoto na moja kulia, yakaanza kucheza.

Marehemu alifunga ndoa na fizi, akajichimbia chini yake, wakajaliwa vifuko vya usaha vilivyokuwa vikila mfupa unaoshika meno, na muda wote huo Lusajo akishikilia kwamba ugaga ndio saruji yake, ukitolewa tu meno yote yatamwagika.

Alianza kuugua tarehe 8 Machi 2025, Agripina alipotupeleka kliniki moja nyuma ya Barabara ya Zhanxi, daktari akauliza kama ana kisukari au anatumia dawa yoyote, maswali ambayo kila mgonjwa ayajibu bila kuficha, na hapo mume wangu, kwa mazoea ya viatu, akaomba asafishwe upande wa kushoto kwanza uwe sampuli, akiridhika ndipo aagize wa kulia, jamani! Daktari alicheka hadi akavua miwani, akamsihi amalize yote, Lusajo akakataa, ikasafishwa nusu.

Jioni ulimi ukakuta mianya, maji baridi yakamchoma, akapiga kelele kwamba ameharibiwa na oda ameifuta, na Agripina akamweleza kwamba mianya ilikuwepo, ugaga ndio ulioijaza, kwamba mashine haikwangui jino, na kwamba ule ubaridi hupoa baada ya siku chache, nao ukapoa kweli, lakini mwenzangu kichwa kigumu.

Basi nikaishi na mume wa nusu mdomo, kushoto fizi zikanywea, damu ikakoma, jino likakaza, kulia mambo yakazidi, hadi asubuhi moja ya Juni jino la kulia likabaki kwenye andazi, akaliangalia, akaniangalia, macho yakamjaa machozi, akavaa viatu na kukimbilia kliniki bila kutungoja. Marehemu alifariki siku hiyo, tarehe 21 Juni 2025, akitolewa kipande kipande, wala hapakuwa na jino jingine lililomwagika.

Familia inamshukuru daktari, aliyetutaka turudi kila baada ya miezi sita, inamshukuru Agripina kwa uvumilivu, majirani kwa kustahimili zile kelele, na malaoban wa Zhanxi, ambao bei zao zimepanda tangu harufu ilipokwisha.

Lusajo, mume wangu, shusha mkono, cheka watu waone pengo, mimi nalipenda hivyo hivyo. Wewe Ugaga potelea mbali, huna wa kukulilia. Ila wewe jino letu la kulia, ambaye ungekuwa nasi hapa leo kama tungemaliza kazi siku ile ya Machi, pumzika kwa amani.