Chuma Nilichoomba Kiondolewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mnaniona nimesimama. Kwa wengine kusimama ni kitu kidogo. Kwangu ndio ushuhuda wenyewe.

Wakati wa vita, guruneti lililipuka karibu na nyumba yetu mtaa wa Kinama, kipande cha chuma kikaingia nyuma ya jicho langu. Madaktari walisema kukitoa ni hatari kuliko kukiacha. Tukahamia mtaa wa Jabe, nami nikawa namwomba Mungu akiondoe. Hakukiondoa. Niseme kweli, nilimnunia.

Kisha nikabeba mimba. Mtoto akakaa vibaya, nikachomwa sindano ya ganzi mgongoni, nikapasuliwa, na binti yetu akatoka salama. Kesho yake mama mkwe alikuja na ndoo, maana kwetu mzazi hakosi kukandwa. Akanibandika kitambaa cha maji ya moto miguuni, nami nikaendelea kumchekea mtoto.

“We, hausikii moto?”

“Apana, mama. Ni ile sindano.”

“Sindano ya jana? Mi naenda kuita muganga.”

Daktari alikuja, akaniambia nisogeze miguu. Haikusogea. Akasema huenda damu imevuja ndani ya mgongo na inabana mishipa; isipotolewa haraka, sitatembea tena. Mashine ya kuionyesha vizuri, ile ya sumaku, ilikuwa Nairobi. Mume wangu akatoka mbio kutafuta ndege. Ndipo daktari akauliza, “Kuko chuma mu mwili yako?”

Nikamwonyesha jicho. Akatikisa kichwa. Sumaku ingekivuta kile chuma, nami ningepofuka. Safari ikafa. Ndugu zangu, nililia: Mungu wangu, chuma hukukitoa, sasa unachukua na miguu!

Basi daktari akashika njia ya zamani. Akanidunga mgongoni dawa inayoonekana kwenye eksirei, akapiga picha. Dawa ilipanda, ikafika mahali ikakwama. Damu ilikuwa hapo. Wakanipasua mchana uleule, wakaitoa.

Mume wangu alikuwa amepata ndege ya kesho yake. Daktari alituambia wazi kwamba kama tungeingoja, miguu ingekuwa imekufa.

Chuma bado kipo, na siku za mvua kinauma. Siombi tena kiondolewe. Nawe uliyeomba jambo ukanyimwa, usimwache Mungu. Mnunie ukipenda, lakini nuna ukiwa umepiga magoti. Mimi nayapiga sasa hivi, hapa mbele yenu, kwa sababu yanakunjika.