Nilivyotoka Kwenye Matanga Yangu Mwenyewe

Bwana asifiwe, wapendwa! Naona wengine mmeitika kwa sauti ya wodini. Itikeni vizuri, mimi bado niko!

Kwa wageni, naitwa Kadzo, mjane, wa hapa Bofu. Kazi yangu ni kupinda leso. Doti huuzwa ikiwa kitambaa kimoja. Mimi naikata vipande viwili, napinda ncha kwa cherehani, ndipo mtu anaivaa. Kazi hiyo imenilisha mimi na binti yangu Dama, aliye gredi ya tano.

Ndugu zangu, niseme mapema nisije nikawadanganya: sijapona. Saratani ilianza kwenye titi, ikafika mifupa ya mgongo. Daktari aliniambia waziwazi kwamba haitaondoka, ila dawa zitaipunguza kasi. Kama mlingoja ushuhuda wa vipimo vilivyotoka safi, nisameheni. Wangu ni mwingine, na Mungu ni yule yule.

Siku niliyoambiwa habari ya mifupa sikulia. Nilirudi nyumbani nikaanza kugawa vitu. Nimeona udongo wa kaburi haujakauka na ndugu wanagombania hata mwiko, nikasema mimi nitawaepusha na aibu hiyo. Sufuria kubwa ya pilau nikampa wifi yangu. Vikombe, meza, nguo za kanisani, vyote vikaenda. Cherehani nikampa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu tunayepakana naye ukuta. Wateja nikawaambia watafute fundi mwingine. Kisha nikalala kitandani kungoja.

Nikangoja, sikufa! Mwezi ukapita, na wa pili. Ikafika Pasaka, nataka kupika, sufuria iko kwa wifi. Utamdaije mtu kitu ulichompa kwa machozi? Watu wakaanza kunitazama kama mgeni aliyeaga kisha akarudi kuketi. Nikawakasirikia wao, nikamkasirikia daktari, na Mungu pia, nasema kweli hapa madhabahuni. Kama ni kwenda niende, kama ni kukaa nikae!

Lakini aliyeumia zaidi ni Dama. Mwalimu wake aliniita akasema mtoto haandiki, anatazama dirishani tu. Kumbe kila mchana alikuwa akiruka ua wa shule kuja kuchungulia kama napumua. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Mama, si ulishagawa vitu?"

Ndugu zangu, neno hilo liliniuma kuliko mgongo. Nikaomba wiki nzima. Sikuomba kupona, hilo nilikuwa nimechoka kuliomba. Niliomba, Bwana, nifundishe kuishi na huyu mtoto siku nilizo nazo.

Jumatatu asubuhi, hodi! Ni Bi Zuhura, na nyuma yake mwanawe amebeba cherehani yangu. Hakuitumia hata siku moja; aliifunika shuka miezi yote hiyo. Nikamwambia, "Shikamoo Bi Zuhura. Lakini hiyo nilikupa."

"Marahaba. Mwanangu, mtu hurithiwa akifa," akasema. "Wewe wapumua, tena wanibishia! Wallahi hii ni amana, na leo nairejesha. Na leso hizi nipindie, Idi yaja."

Akaweka doti mbili kitandani, akaenda zake. Hakunipa hata pole.

Niliketi kwenye cherehani. Mshono wa kwanza ulikwenda mrama, nikaufumua, nikaanza tena. Mchana Dama akaja mbio, akasikia mlio tangu nje. Alisimama mlangoni akanitazama. Kisha akasema anachelewa somo la hesabu, akarudi shule. Hajaruka ua tena!

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Nilikuwa nimekaa matanga yangu mwenyewe, na mtoto nimemkalisha mkekani pamoja nami. Mungu alimtumia mama wa Kiislamu kuninyanyua, nami nalisema bila kumung'unya maneno.

Sitawaficha, woga haujahama. Siku ya kuchukua majibu ya picha, chakula hakishuki tangu jana yake. Zipo asubuhi mgongo unanishinda, nakunywa dawa ya maumivu nalala, na leso za watu zinangoja. Muuguzi wa kliniki alinifundisha kumjibu Dama kweli kwa kadiri anavyouliza. Aliuliza atakaa na nani nikitangulia. Tukamwita wifi yangu, akakubali mbele yake. Tulilia sote watatu, kisha tukala. Na sufuria niliiomba siku hiyo hiyo!

Namshukuru Mungu kwa siku hizi. Wewe uliyeambiwa habari kama yangu, mtumaini Bwana kwa leo. Ile siku ya mwisho anaijua Yeye. Nawe mwenye mgonjwa nyumbani, usimlilie angali anakusikia, mpe kazi anayoiweza.

Jumanne naenda kliniki. Jumatano nipo. Mwenye leso ya Krismasi ailete, nitaipinda.