Mzee Plagi na Pikipiki ya Ghorofa ya Tatu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwenzetu tunayemwita Mzee Plagi anastaafu baada ya kuyatumikia machimbo haya ya mawe kwa miaka ishirini na saba. Alikuja na nywele nyeusi na begi moja. Anaondoka na nywele nyeupe, na begi ni lilelile, zipu tu ndiyo mpya.

Kamati ya hafla imeniomba niandike mimi kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja miaka tisa. Walisema niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi, lakini mengine hayachangamshi na siwezi kuyaruka, maana waliokuwepo watajua nimeyaruka.

Kazi yake ilikuwa drili. Kwa wageni watakaosoma karatasi hii: drili ni mashine ya upepo ya kutoboa mwamba ili baruti iingizwe. Mtu huishika kwa mikono miwili, akaiegemea kwa kifua, nayo humtikisa tangu asubuhi mpaka king'ora cha jioni. Mzee Plagi alitoboa upande wote wa juu wa machimbo, ule ambao siku hizi ni shimo lenye maji. Kokoto zilizotoka pale zimetengeneza barabara nyingi nzuri. Yeye hajapita hata moja kwa chombo chake mwenyewe.

Na chombo ndicho alichokipenda kuliko vitu vyote duniani, ukiondoa familia, na mkewe ana shaka hata na hilo. Jina lenyewe alilipata kwa tabia ya kufungua plagi ya pikipiki ya mtu yeyote aliyeegesha karibu, kuitazama rangi yake, inayoonyesha afya ya injini, kisha kumpa mwenye nayo pole au pongezi.

Amekuwa na pikipiki nne maishani. Ya kwanza alipewa na mjomba wake kabla ndevu hazijaota. Haikuwa na kiti, alikalia gunia lililokunjwa. Haikuwa na breki ya nyuma pia, alisimama kwa soli. Kiatu cha kulia kilikuwa kinakwisha mapema kuliko cha kushoto na mama yake hakuelewa kwa nini, mpaka siku alipomwona akishuka mteremko. Ya pili ndiyo iliyomtafutia mke. Alimfundisha binti wa watu kuendesha, wakatumbukia mtaroni wote wawili, na kwa maneno yake ni hukohuko mtaroni walikokubaliana. Ya tatu aliinunua kwa jasho lake, akaifungua na kuifunga mara nyingi mpaka akaijua kila nati kama ulimi unavyoyajua meno. Hiyo aliiuza ili kumtibu mama yake alipougua. Mama hakupona, na pikipiki ilikuwa imeshakwenda. Mwaka huohuo akaja huku.

Ya nne aliikuta hapahapa, kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya karakana. Ilikuwa ya tarishi wa zamani wa kampuni, silinda moja, ya aina isiyotengenezwa tena. Buldoza lilikuwa limeipanda gurudumu la mbele. Pistoni ilikuwa imegandia ndani ya silinda, tangi lilikuwa limejaa kutu, na ndani ya taa nyigu walikuwa wamejenga. Mkuu wa karakana alimwambia aichukue upesi kabla hajabadili mawazo, huku akicheka. Mzee Plagi hakucheka. Aliipandisha kipande kipande kwa ngazi ya nyuma mpaka ghorofa ya tatu ya bweni letu, kwa sababu kitu ukikiacha uani hakiamki hapo.

Ndivyo nilivyoikuta. Siku nilipopewa kitanda niliambiwa chumba ni cha watu wawili. Tulikuwa watatu. Fremu ilisimama katikati ya vitanda, injini ilikaa chini ya dirisha lenye nondo, na mto wangu ulinuka dizeli mpaka nikazoea na nikawa silali vizuri penye harufu nyingine.

Hapa nitaje sifa zake za ufundi. Kutu ya ndani ya tangi aliitoa kwa njia ambayo hamtaisoma kwenye kitabu: alijaza kokoto ndogo na maji ya sabuni, akafunga mdomo, akalifunga tangi kwa waya kwenye lile chekeche kubwa linalochambua kokoto, likatikiswa zamu nzima. Msimamizi alipita, akalitazama, akauliza hiyo ni sehemu gani ya mashine. Akajibiwa ni sehemu mpya. Pistoni aliiloweka kwenye dizeli miezi, kila jioni akiigonga kwa kipande cha mti, pole pole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mkwe. Spoki za magurudumu alizipima kwa kuzigonga na kijiko na kusikiliza. Ngozi ya kiti ilitoka kwenye aproni ya mchomeleaji iliyochakaa. Rangi ni ile ya njano ya mabuldoza, masalio ya pipa, na ndiyo maana mkimwona mtu anaipenda sana ile rangi msishangae.

Mkewe huko nyumbani alikuwa akifuatilia kwa simu. Hakuuliza pikipiki, aliuliza, "Mke mwenzangu hajambo?" Akiambiwa amepata magurudumu, anasema, "Mimi hata kanga ya mwisho siikumbuki, mwenzangu anavikwa magurudumu." Halafu wanacheka mpaka salio linakwisha.

Siku ilipowaka, tulikuwa chumbani. Alipiga kiki, ikakataa. Akapiga tena, ikatema moshi, ikanguruma. Chumba kilijaa moshi, watu wakakimbilia koridoni na taulo zao, na msimamizi wa bweni akapanda ngazi akipiga kelele, "Nani amewasha jenereta humu?" Mzee Plagi akamjibu kwa heshima kabisa, "Hakuna jenereta, mkubwa. Ni mgonjwa wangu amekohoa." Iliwaka dakika chache tu, mara hiyo moja. Alikaa juu yake mahali palepale, ukuta mbele, ukuta nyuma, akibadilisha gia.

Sasa niseme habari ya mikono. Vidole vyake vilianza kuwa vyeupe asubuhi za baridi, vyeupe kama chaki, kisha damu inarudi. Baadaye ikawa hairudi. Vikombe vikaanza kumponyoka. Daktari wa zahanati alimwambia ni mtikisiko wa drili, mishipa imechoka na haifufuki. Kampuni ilimpa glavu nzuri na ikamhamishia stoo. Wenzangu wa drili hawahitaji maelezo, wengine wao hivi sasa wameishika karatasi hii kwa viganja. Sehemu za mwisho za pikipiki alizifunga kwa vidole vyangu. Yeye alikaa kitandani akiuliza, "Imegusa? Ongeza robo. Robo, bwana, si nusu! Hicho si kifuniko cha pipa!"

Daktari alimkataza kuendesha, kwa kuwa mkono usiohisi klachi utaua mtu. Siku hiyo ndiyo niliyomwona ameinamisha kichwa akiwa kwenye simu. Lakini mkewe alimwambia kwa sauti mpaka mimi nikasikia, "Kwani kule mtaroni aliyekuwa ameshika usukani ni nani? Wewe ilete tu. Nitashika mimi, wewe utakaa nyuma na kelele zako." Kuanzia hapo akawa na jambo moja tu kichwani: kustaafu na kuifikisha nyumbani.

Mwaka jana nyaya za shaba ziliibiwa. Uongozi ukaiziba ngazi ya nyuma kwa matofali, na chini ya ngazi ya mbele ukaweka geti la chuma la kuzunguka, linalopitisha mtu mmoja mmoja. Tulirudi kutoka zamu tukakuta ukuta haujakauka. Pikipiki ilikuwa juu, imefungwa yote, ikisubiri siku ya mwenyewe kuondoka. Mzee Plagi aliugusa ukuta kwa kiwiko akasema, "Basi, mke mwenza kawekwa ndani." Watu wakacheka. Yeye akapanda ngazi.

Mwezi huu alivaa shati safi, nikamfunga vifungo, akaenda kumwona meneja. Aliomba ukuta uvunjwe kwa saa moja, na akaahidi kuujenga tena mwenyewe. Meneja alimpa kiti na akamsikiliza. Alisema jengo si la kampuni, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya nyundo, na geti limemwagiwa zege. Chumba kikabidhiwe siku ya kustaafu kabla ya saa sita mchana. Nauli ni ya mtu mmoja na begi moja. Kitakachobaki kitachukuliwa na lori la vyuma chakavu. Alisema kwa upole na sina ubaya naye.

Tukamwambia tuifungue. Akakataa katakata. Ikifunguliwa, alisema, ndiyo imekufa, kwa sababu mikono ya kuifunga tena haipo, na kwao fundi aliyeijua aina hii alishazikwa. Wiki nzima alikula ameipa meza mgongo.

Aliyepata njia ni mpishi wa kantini. Sisi tunaotoka upande mmoja wa nchi tuna desturi: anayepata ruhusa ya kwenda nyumbani huwabebea wenzake vifurushi. Mpishi akaweka sufuria chini akasema, "Miaka yote tunabebeana sabuni na viatu vya watoto. Kwa nini tusibebeane pikipiki?"

"Na nani ataifunga?" Mzee Plagi akauliza bila kugeuka.

"Sisi. Kila mtu akifika kwako, na chake."

Hapo akageuka. "Nyie? Nyie mlioshindwa kufunga bomba la bafuni mpaka leo linavuja?"

Jumapili iliyopita tulijaa chumbani. Hakugusa kitu. Alikaa kitandani, mikono kwapani, akamgawia kila mtu sehemu yake. Mpishi alipata kabureta. Yule mrefu wa mashine ya kusaga mawe alipata gurudumu la mbele. Mchomeleaji alipata fremu, na aliipitisha getini wima kuipeleka bweni lao, ameikumbatia kama wanacheza dansi, mlinzi anamtazama tu. Mimi nilipata klachi, na injini na vingine vikaenda kwa wengine waliokuwa mle. Kila mmoja alitakiwa kukifungua kipande chake na kukirudisha, kukifungua na kukirudisha, kisha afanye hivyo akiwa amefumba macho. Alisema jicho husahau, mkono hausahau. Kwa hiyo leo mpishi anaijua kabureta ile kuliko anavyojua chumvi, lakini ukimwonyesha cheni hajui ianzie wapi. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuifunga yote.

Alipomkabidhi kila mtu kipande chake alimwambia neno lilelile. "Usife na kabureta yangu." "Usife na gurudumu langu." Tulicheka mara ya kwanza na ya pili. Halafu kicheko kikapungua chenyewe, kwa sababu mwaka jana mwamba ulishuka kabla ya wakati wake na kumchukua mwenzetu wa baruti, na begi lake lilipelekwa kwao na dereva wa basi asiyemjua hata sura.

Mchomeleaji ndiye aliyeuliza. "Na mmoja wetu asipofika, mzee?"

Alifikiri kwanza. "Basi haitawaka. Itakaa sebuleni hivyohivyo na pengo lake. Sitaweka kipuri cha dukani. Na atakayeniuliza kinakosekana nini, nitamtajia mtu."

Tuliendelea kuviringisha vipande ndani ya nguo zetu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo leo. Mzee Plagi anapanda basi na begi lake, na ndani yake kuna tangi tu na nguo za kulizuia lisigonge. Vilivyobaki viko chini ya vitanda vyetu. Mpishi ruhusa yake ni mwezi wa nane. Mrefu ni mwakani, uzalishaji ukiruhusu. Mchomeleaji hajui. Mimi nimeahidiwa mara mbili, na mara mbili ikasogezwa. Ruhusa haziko mikononi mwetu, wala uhai.

Mzee Plagi, kwa niaba ya wote wa bweni na wa machimbo, asante. Asante kwa kazi uliyoifanya, ambayo magari ya watu wengi yanaipita bila kujua. Asante kwa kutufundisha Jumapili ile kwa uvumilivu ambao hatukujua unao. Msalimie sana mama watoto, mwambie simu alizopiga zilitufaa hata sisi tusiopigiwa. Mikono yako iweke mahali penye joto, na usimwonee mtu aibu kwa vifungo.

Sisi huku tutajitahidi kutokufa. Wewe tunakuomba jambo moja tu, na ndilo tunalokutakia kwa moyo wote: uishi mpaka wa mwisho wetu apate ruhusa.