Daktari Lorimer Quade na Swali la Jumamosi

Ndugu, jamaa na majirani wa Harlan Grove, mimi Wendell, mdogo wake marehemu, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya kaka yangu, Daktari Lorimer Quade, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1876 katika shamba la baba yetu hapa Iowa, akasoma shule ya kijijini, kisha chuo chetu hiki, ambako mwaka 1900 alikabidhiwa timu ya mpira, huu wetu wa kubeba mikononi na kuangushana, akawa kocha mwenye sauti ya kutimua ng'ombe.

Jumamosi, tarehe 24 Oktoba 1903, mchezaji wake Virgil Stroud aligongwa kichwa, akainuka, akakimbilia upande usio wake, uwanja mzima tukacheka, na kaka akamfokea, "Rudi ndani, Virgil, acha kudeka!" Virgil akarudi, akaangushwa tena, na safari hii hakuinuka. Kaka alikaa kando ya kitanda chake mpaka Jumanne, hali wala halali, nasi tukiogopa hata kuulizana, hadi kijana alipofumbua macho na kunong'ona, "Kocha, tumeshinda?"

Hatukushinda, na kaka aliacha ukocha. Alisomea udaktari Chicago, akahitimu Juni 1908, akarudi hapa, akamwoa Hester Lund tarehe 2 Septemba 1909, wakajaliwa mabinti wawili, Adah na Corinne, lakini hofu ile haikumtoka, kila Ijumaa usingizi ulimpaa, na kila Jumamosi alisimama kando ya uwanja na mkoba wake, akizungusha kofia mikononi, na kila mchezaji aliyeanguka, kaka alimwuliza, kupima kama akili yake imetulia, "Leo siku gani?" Aliyekosea alitolewa, hata nyota wetu mwaka 1926, tukafungwa, mji ukamzomea, "Daktari mwoga!" naye akajibu, "Naogopa, ndiyo. Na nyie ogopeni kidogo."

Kiharusi kilimpata tarehe 11 mwezi huu wa Februari 1938, akawa anahangaika kitandani, akipapasa shuka, akiuliza, "Kaamka?" nasi hatukujua tumtulizeje. Alhamisi asubuhi, tarehe 17, Virgil alifunga duka lake la chakula cha mifugo, akaja, akamshika mkono.

"Kocha, leo siku gani?"

"Jumamosi," kaka akasema. "Virgil, usirudi ndani."

"Sirudi, Kocha. Nimeshakaa."

Mikono ikatulia, na kabla ya adhuhuri akatutoka.

Tunamshukuru Daktari Pruitt na wauguzi wake, majirani mliotuletea chakula na kutuondolea theluji mlangoni, na wachezaji wa zamani mtakaobeba jeneza, Virgil akiwa mbele.

Lala bila wasiwasi, kaka. Virgil tumemtoa uwanjani.